Spika mbili tu, sabufa moja, au sabufa mbili? Ulinganisho kwa chumba cha futi 10 kwa 12

Vyumba vingi vya Tanga mjini, iwe Ngamiani au Chumbageni, vinafanana: futi 10 kwa 12 au karibu na hapo, kuta za tofali za saruji zilizopigwa lipu, sakafu ngumu, dari ya bodi chini ya bati. Anayetaka kusikiliza muziki kwa utulivu ndani ya chumba hicho, duka litamuuliza anataka sabufa ya inchi ngapi. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni chumba chenyewe kitaifanya nini besi, na jibu lake ndilo linaloamua kati ya njia tatu tunazozilinganisha hapa: spika mbili peke yake, spika mbili na sabufa moja (boksi la kupiga besi tu), spika mbili na sabufa mbili ndogo.

Kwanza tuziondoe seti za dukani ambazo ampli, sabufa na spika ndogo vinauzwa pamoja, zile ambazo mtaani zote huitwa "sabufa". Spika zake nyingi zina wufa (koni ya besi) ya inchi 3, haziwezi kushuka chini kwenye besi, hivyo boksi kubwa linalazimika kubeba sauti hadi Hz 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde. Katika kiwango hicho sikio linatambua kabisa sauti inatoka upande gani. Kwa hiyo seti kama hiyo haina uchaguzi mwingi: boksi likae katikati ya spika zake, si pembeni nyuma ya kochi. Na usihangaike na wati za PMPO, zile za kutangazia tu, zilizoandikwa juu ya katoni. Tazama RMS, wati za kweli za mfululizo, au tazama lebo ya nyuma inasema inakula wati ngapi, maana ampli haiwezi kutoa zaidi ya inachokula.

CHUMBA KINAFANYA NINI

Futi 10 kwa 12 ni mita 3.05 kwa 3.66. Kwa joto letu la nyuzi 30 hivi, sauti inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde. Gawanya mwendo huo kwa mara mbili ya kila kipimo cha chumba, upate masafa ambayo chumba kinayashika: Hz 48 kwa urefu, Hz 57 kwa upana, na kama dari iko mita 2.8, Hz 62 kwa kwenda juu. Masafa hayo yanakuzwa karibu na kuta na yanapotea katikati. Uzi mzito kabisa wa gitaa la besi ukipigwa wazi ni Hz 41. Panda hatua tatu tu kwenye shingo ya gitaa na tayari uko Hz 49, ndani ya mtego. Ndiyo maana noti moja inavuma mpaka bodi ya dari inatetemeka, na inayofuata haisikiki.

Chumba cha futi 10 kwa 10 ni kibaya zaidi, kwa sababu urefu na upana vinashika Hz 57 ileile na kuzidishiana. Ukiwa na vyumba viwili vya kuchagua, chukua kisicho mraba hata kama ni kidogo.

Chini ya takriban Hz 250, katika chumba cha ukubwa huu, unachosikia ni chumba zaidi kuliko spika. Zulia, mkeka na pazia havigusi kabisa eneo hilo. Vinasaidia juu, kwenye sauti za kuimba na matoazi, na hapo vinasaidia kweli.

VIGEZO

Tunazipima njia zote tatu kwa mambo yaleyale: besi inafika chini kiasi gani na inafanana kiasi gani kutoka kiti hadi kiti, kazi ya kupanga, kinachowafikia jirani, kinachoharibika au kukosewa, na anayefaa kuichagua. Kuhusu fedha, kila hatua inaongeza boksi lenye ampli ndani, waya na soketi, kwa hiyo mfuatano wa gharama unajulikana bila kutaja bei.

NJIA YA KWANZA: SPIKA MBILI PEKE YAKE

Besi. Spika yenye wufa ya inchi 4 inaanza kuishiwa nguvu kwenye Hz 65 hivi, ya inchi 5 kwenye 55, ya inchi 6.5 inaweza kufika 45. Hizo ni namba za kawaida, si za kila boksi. Taarabu ya Tanga ya enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, dansi la zamani, kaswida, mazungumzo ya redio: vyote vinakaa vizuri hapa. Bongo Fleva na singeli vitasikika, lakini ule mdundo wa Hz 35 au 40 utaukosa. Kuna faida moja ambayo wauzaji hawaitaji. Spika mbili zikikaa kwa ulinganifu, moja kushoto na nyingine kulia kwa umbali uleule kutoka kuta za pembeni, zinaufuta mvumo wa upana, ule wa Hz 57, kwa sababu besi ya rekodi nyingi iko sawa pande zote mbili. Anayepata besi iliyosawazika na spika mbili hajabahatisha, ni hesabu.

Kupanga. Ziweke kwenye ukuta mfupi zikitazama urefu wa chumba, twita (koni ndogo za sauti za juu) zikiachana mita 1.6 hadi 1.8, na kichwa chako kiwe umbali huohuo au zaidi kidogo kutoka kila moja. Masikio yasikae katikati kabisa ya urefu wa chumba, mita 1.83, kwani pale Hz 48 inapotea. Wala yasigusane na ukuta wa nyuma, kwani pale inajaa kupita kiasi. Mita 1.3 hadi 1.4 kutoka ukuta wa nyuma ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ushauri wa kuzivuta spika mita nzima kutoka ukutani ni wa vyumba vikubwa. Uso wa spika ukiwa mita 1 kutoka ukuta wa nyuma yake, sauti inayorudi inafuta Hz 87. Ukiwa sentimita 60, inafuta 145. Zote mbili ni katikati ya besi. Ukiwa sentimita 35, shimo linapanda hadi Hz 250, ambako halionekani sana na hata pamba kidogo inalipunguza. Kwa hiyo katika chumba kidogo sukuma karibu na ukuta, ukiacha sentimita 10 hadi 15 nyuma kama tundu la hewa la boksi liko nyuma. Besi ikizidi, kunja soksi na uzibe tundu kwa soksi hiyo. Inapungua na kukaza.

Twita ikae kimo cha sikio. Anayekaa kwenye kochi, sikio lake liko sentimita 90 hivi kutoka sakafuni. Anayekaa kwenye mkeka au godoro la kulalia mgongo, 70. Tofali la inchi 6 lililosimamishwa lina sentimita 45, na twita ya boksi dogo iko sentimita 20 juu ya kitako chake, jumla 65: linatosha kwa wanaokaa chini. Kwa kochi ongeza tofali la pili lililolala kwa ubavu wa inchi 9, na uyashikanishe kwa mchanganyiko mwembamba wa saruji, hasa penye watoto. Vipande vya kandambili kuukuu chini ya spika vinazuia kuteleza na mtetemo.

Jirani. Hii ndiyo njia ya amani. Katika nyumba nyingi za korido kuta za vyumba haziendi hadi kwenye bati. Zinaishia kwenye bodi ya dari, na sauti inaruka juu kwenda chumba cha pili. Besi ya chini ndiyo inayoruka kirahisi zaidi, na spika ndogo hazina nyingi ya kurusha.

Kinachoharibika. Watu wanageuza nyaya za spika moja, nyekundu kwenye nyeusi, na besi inayeyuka. Ukisikia muziki hauna mwili na mwimbaji hajulikani alipo, angalia hapo kwanza. Waya wa milimita mraba 1.5 unatosha hadi mita 5. Lakini kwangua ncha, kama ndani ni nyeupe kama alumini basi ongeza unene hadi 2.5. Chumvi ya bahari inageuza shaba kuwa ya kijani ndani ya mwaka, hivyo kata ncha mpya na ukaze tena kila baada ya muda. Spika za mtumba zenye ukingo wa sponji zikague kwa kidole: sponji ikimomonyoka, umenunua kazi ya fundi. Mpira unadumu pwani.

Inamfaa nani. Anayesikiliza peke yake au wawili, kwa sauti ya kawaida, sauti za kuimba zikiwa mbele. Ampli ya wati 20 za kweli kwa kila upande inatosha kabisa kwa umbali wa mita 2.

NJIA YA PILI: SABUFA MOJA

Hapa ndipo wengi wanapofika, na ndipo mengi yanapokosewa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Besi. Sabufa ya inchi 8 inayojitegemea inashuka hadi kati ya Hz 30 na 40, ya inchi 10 chini zaidi. Chumba kidogo chenyewe kinasaidia: chini ya Hz 48 hewa yote inasukumwa pamoja, na besi inapata nyongeza ya bure, mradi milango na madirisha yamefungwa. Kwetu hayafungwi. Dirisha likiwa wazi na pangaboi linazunguka, sehemu ya nyongeza hiyo inatoka nje. Basi panga sabufa chumba kikiwa katika hali unayosikilizia, si hali ya maonyesho. Udhaifu wake ni kutofanana: chanzo kimoja kinauamsha mvumo wa upana na wa urefu kama kilivyo, na aliyekaa kando ya kochi anasikia besi nyingine kabisa na ya aliye katikati.

Kupanga. Panga spika mbili kwanza bila sabufa hadi zikuridhishe. Kisha:

1. Weka sabufa mahali unapokaa, juu ya kochi au kwenye mkeka, na ucheze wimbo wenye gitaa la besi linalotembea juu na chini, au toni moja moja kutoka Hz 30 hadi 80.
2. Tambaa kando ya kuta, kichwa kikiwa kimo cha sabufa. Tafuta mahali noti zote zinapofanana, si pale inapovuma zaidi. Weka alama ya chaki. Kwa kawaida kona inatoa kelele nyingi kuliko pote na usawa mdogo, kwani kila ukuta unaokaribiwa unaongeza hadi desibeli (dB) 6 za ukubwa wa sauti. Katikati ya ukuta au robo yake mara nyingi panashinda.
3. Hamishia sabufa kwenye alama, rudi kukaa.
4. Krosova, yaani masafa ambapo spika zinaiachia sabufa besi: kama ampli ina uwezo wa kuzikatia spika besi, weka Hz 80, au 100 kwa spika za inchi 4. Kama haina, spika zitaendelea kupiga besi zao zote. Basi shusha nobu ya sabufa hadi pale spika zinapoishia, 55 au 60, la sivyo noti za Hz 60 hadi 80 zitapigwa mara mbili.
5. Fezi, yaani sabufa isukume hewa pamoja na spika, si kinyume chake: cheza toni ya masafa ya krosova, geuza swichi kati ya 0 na 180, ubakie na upande wenye sauti kubwa zaidi ukiwa umekaa kitini.
6. Kiwango: anza sifuri, pandisha taratibu hadi ujue ipo, kisha rudisha kidogo. Ukitambua sabufa iko wapi macho yakiwa yamefumbwa, ama kiwango ama krosova iko juu mno.

Programu ya simu ya kupima desibeli inafaa kulinganisha sehemu mbili kwa toni ileile. Isitumike kusoma besi kama ilivyo, kwa kuwa maikrofoni za simu hupunguza sauti za chini kwa makusudi. Mwenye kompyuta anaweza kupakua Room EQ Wizard, programu ya bure ya kupimia chumba, na kuazima maikrofoni ya kupimia.

Jirani. Besi ya Hz 40 ina urefu wa wimbi wa karibu mita 9. Ukuta wa tofali hauizuii, na sponji chini ya miguu ya sabufa inazuia mtetemo wa sakafu tu, si sauti ya hewani. Kinachosaidia ni kiwango cha chini na kuizima usiku. Sabufa iliyopangwa kwa usawa inaridhisha kwa sauti ndogo kuliko ile ya kona, na hilo jirani atalishukuru.

Kinachoharibika. Kosa la kwanza ni kukata mara mbili: ampli inakata Hz 80 na nobu ya sabufa nayo 80, kisha besi inakuwa na pengo. Ampli ikikata, tumia tundu la sabufa lililoandikwa LFE, lisilopitia nobu hiyo, au zungusha nobu hadi mwisho. Kosa la pili ni mngurumo wa Hz 50, ambao ni umeme unaozunguka kwenye waya wa RCA, ule unaopeleka sauti kutoka ampli hadi sabufa. Chomeka ampli na sabufa kwenye ekstensheni moja, na kamwe usikate pini ya ardhi. Baadhi ya inveta za bei ndogo zinatoa wimbi la mraba na kuleta mlio ambao hakuna waya utakaouondoa. La tatu ni kuunganisha sabufa kwenye vituo vya spika vya ampli: baadhi ya ampli ndogo za kisasa hazitaki vituo vyeusi vya kushoto na kulia viguswe pamoja, na ukivigusanisha inaungua. Soma kijitabu kwanza.

Umeme ukikatika, zima sabufa kwenye swichi ya ukutani, uiwashe dakika chache baada ya umeme kurudi na kutulia. Ampli ya ndani haipendi joto: acha sentimita 10 nyuma yake. Tundu la hewa ni makazi mazuri ya mende na mijusi. Kipande cha chandarua kilichonyooshwa kinatosha kuwazuia.

Inamfaa nani. Anayekaa kiti kimoja, anayependa muziki wa sasa au filamu, na aliye tayari kutumia jioni moja kutambaa sakafuni.

NJIA YA TATU: SABUFA MBILI NDOGO

Besi. Sabufa ya pili hainunuliwi kwa ajili ya kelele. Mwaka 2002 Todd Welti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, alilinganisha idadi na mahali pa sabufa katika chumba cha mstatili, na mbili zilizowekwa katikati ya kuta mbili zinazotazamana zilikaribia usawa wa nne. Katika chumba chetu hesabu inaonekana: moja katikati ya ukuta wa kushoto, moja katikati ya wa kulia. Hz 57 ya upana inafutwa kwa kuwa zinasukumana kinyume. Hz 48 ya urefu haiamshwi kwa kuwa zote ziko katikati ya urefu. Mivumo inayobaki ya mlalo ni 95 na 114, juu ya krosova. Ile ya dari, Hz 62, inabaki. Matokeo ni watu watatu kwenye kochi wanaosikia kitu kimoja.

Kupanga. Nunua mbili za aina moja. Yenye tundu na isiyo na tundu hazisukumi kwa wakati mmoja, na zinaweza kufutana. Zigawanye kwa waya wa RCA wa njia mbili, zote fezi ileile, krosova ileile. Pima kila moja peke yake kwa toni ya Hz 50 hadi zilingane kitini, ndipo uziwashe zote, na kuanzia hapo pandisha au shusha zote kwa hatua sawa. Mlango ukikaa katikati ya ukuta mmoja, tumia jozi nyingine ya kuta, mbele na nyuma. Jozi zote zikizuiliwa na mlango na kabati, usilazimishe: rudi njia ya pili. Hakuna kutambaa hapa, na hiyo ni nafuu kubwa.

Jirani. Si mbaya kuliko moja kwa kiwango kilekile kitini, ila boksi moja sasa limegusana na ukuta wake. Livute sentimita 15.

Kinachoharibika. Waya mrefu wa RCA kuzunguka chumba unaongeza nafasi ya mngurumo; soketi mbili tofauti zinauongeza zaidi. Na zile zinazojizima zenyewe muziki ukiwa mdogo huachana: moja inazima, nyingine inaendelea, na unadhani umeharibu kitu. Weka swichi zake kwenye kuwaka muda wote.

Inamfaa nani. Familia inayosikiliza au kutazama pamoja, mwenye nyumba yake, na asiyepungukiwa nafasi. Kwa mpangaji wa chumba kimoja chenye kitanda, mabox mawili ya sabufa ni mzigo.

KABLA YA KUNUNUA CHOCHOTE KINGINE

Njia yoyote utakayochagua, piga kofi katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaotetemeka, kuta tupu zinarushiana. Kanga moja iliyotundikwa haifanyi kitu. Fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 120, yenye kina cha sentimita 10, ikijazwa sufi au nyuzi za mkonge zilizofumuliwa na kufunikwa kanga, inafanya. Mkonge unataka ujazo mzito zaidi kwa sababu nyuzi zake ni nene. Mbili zinatosha, kila moja pale ambapo kioo kikishikwa ukutani ungeiona spika ukiwa umekaa. Sufi inashika moto haraka, iwe mbali na soketi na udi.

KWA HALI YAKO

Unapanga chumba kwenye nyumba ya korido na jirani yuko ukuta wa pili: spika mbili za inchi 5 au 6.5, karibu na ukuta, soksi kwenye tundu ikibidi.

Unasikiliza peke yako, na unataka mdundo wa chini: spika mbili na sabufa moja ya inchi 8 isiyo na tundu, mahali palipochaguliwa kwa kutambaa.

Tayari una sabufa moja na besi inavuma kwenye noti moja: usinunue ya pili bado. Itoe konani, rekebisha krosova na fezi, sogeza kochi sentimita 30. Kama kiti chako kimepona na vya pembeni bado vinalalamika, hapo ya pili ina kazi.

Kochi la watu watatu, kuta mbili zinazotazamana ziko wazi katikati: sabufa mbili ndogo badala ya moja kubwa kwa fedha zilezile.

Chumba cha futi 10 kwa 10: spika mbili, au sabufa mbili. Sabufa moja humo ndiyo inayokutana na Hz 57 ikiwa imejirudia, na itakusumbua kuliko mahali pengine popote.

Fedha hazitoshi kwa sasa: nunua spika nzuri na ampli yenye tundu la kutolea sabufa, hata kama hutalitumia mwaka huu.